Likizo ya Agosti kwa babu Lamu, bila simu: mwongozo kamili

Wazee wengi wa Lamu wanaoletewa wajukuu mwezi wa Agosti hujaribu njia ile ile. Wanaichukua simu, wanaifungia kabatini, kisha wanashangaa kumwona mtoto amekaa barazani kutwa nzima, amenuna. Kosa si kuifungia simu. Kosa ni kwamba hakuna kilichowekwa mahali pake. Kule kwao, simu ndiyo iliyokuwa ikimwambia lini aamke, lini acheke, lini alale. Akiondolewa hiyo bila kupewa ratiba nyingine, atanuna, na ana haki.

Bahati nzuri, sisi tuna ratiba iliyopangwa tangu zamani, nayo ni maji. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila kitu kisiwani kinaifuata: wavuvi, mashua, ndege, kaa, hata saa ya kula. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja. Ni wa babu au bibi mwenye mjukuu wa miaka 7 hadi 13 kwa wiki tatu hivi za likizo ya Agosti. Wale wanaoletewa watoto kutoka Ulaya kwa mapumziko yao ya kiangazi wanaweza kuufuata vile vile, wakianza Julai.

Kabla hajafika

Zungumza na wazazi kabla tiketi haijakatwa. Simu na tableti zinabaki kwao, wala hazitiwi begini “kwa dharura”. Mtoto atazungumza na mama yake kwa simu yako baada ya magharibi, na mzazi asipige mchana kuuliza kama mwanawe amechoka. La muhimu kuliko yote, mtoto aambiwe na wazazi wake mwenyewe, mapema, asije akagundua ameshafika gati ya Mokowe, upande wa bara, akisubiri boti.

Halafu jitazame wewe. Mjukuu hatakusikiza ukimkataza michezo ya simu huku umeinamia makundi ya WhatsApp mpaka saa tano za usiku. Kwa wiki hizo tatu tumia mulika mwizi. Televisheni ichomolewe na ifunikwe leso. Redio mimi naihalalisha, maana kuna taarifa ya habari na kuna mpira, na mzee naye ni binadamu.

Waambie wamfungie mizigo hii: viatu vya raba vya zamani vinavyofunika vidole, kofia, shati la mikono mirefu, daftari, penseli (wino hutoka ukiingia maji) na kurunzi ndogo. Chandarua utakuwa nacho wewe. Mtoto aliyekulia Nairobi hana mazoea na malaria yetu, kwa hiyo wazazi waulize daktari kuhusu kinga kabla ya safari, na homa yoyote akiwa kwako apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Usisubiri “tuone kesho”.

Siku za kununa

Siku mbili tatu za kwanza zitakuwa nzito. Usizijaze matembezi. Ukimpeleka mashua siku ya kwanza, magofu ya Takwa siku ya pili na vilima vya Shela siku ya tatu, umekuwa simu nyingine tu, yenye ndevu. Mwache achoke. Mtoto aliyechoka kukaa huanza kutazama, na hapo ndipo pa kuanzia.

Unachompa siku hizo ni kazi, na iwe kazi ya kweli ambayo asipoifanya nyumba itaiona. Kama mna punda, ampe maji na majani asubuhi. Mfundishe kumwendea kutoka ubavuni, akimsemesha, asipite nyuma yake kimya kimya. Amtazame kwato na mgongo kama kuna kidonda, na kikionekana mwende pamoja kwenye kliniki ya punda iliyopo mjini tangu 1987. Kama hakuna punda, kuna kuku, kuna mkate wa kununua alfajiri, kuna nazi ya kukuna.

Juu ya nazi, fanyeni hivi. Mpe siku nzima atafute shambani tunda la mnazi katika kila umri wake: kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Vidaka na vitale vingi ataviokota chini vimeanguka. Dafu na koroma aangushiwe na mkwezi. Yapangwe barazani kwa mstari, kila moja lipasuliwe, aonje maji na aone nyama inavyozidi kuwa nene huku maji yakipungua utamu. Mwisho aketi juu ya mbuzi akune ile nazi mwenyewe, tui liingie kwenye wali wa usiku. Mtoto aliyekula alichokuna hasahau. Onyo moja: asikae chini ya mnazi wenye nazi pevu, hasa Agosti ambapo upepo wa kusi unavuma.

Mfundishe maji

Hapa ndipo penye uti wa mgongo wa likizo nzima, kwa hiyo usiharakishe.

Mchagulieni mahali pamoja pa kupimia. Ngazi za gati zinafaa kuliko kijiti, kwa sababu siku za bamvu, yaani bahari inapojaa na kupwa sana, tofauti ya maji makavu na maji makuu hupita mita 3, na ufito wa kawaida utamezwa. Kila siku mtoto aandike katika daftari lake tarehe ya mwezi wa Kiislamu, saa maji yalipojaa, ngazi ngapi zilibaki kavu, mwezi ulikuwa na umbo gani, na upepo ulitoka wapi. Ni mistari miwili tu, lakini ya kila siku.

Baada ya siku chache ataona mwenyewe kwamba saa ya maji kujaa inasogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Usimwambie kabla hajaiona. Akishaiona, ndipo umweleze: mwezi huizunguka dunia huku dunia nayo ikizunguka, kwa hiyo kila siku inabidi dunia izunguke kidogo zaidi ili kuufikia tena. Ndiyo maana kati ya kujaa kumoja na kujaa kwa pili hupita kama saa 12 na dakika 25.

Kisha bamvu na maji mafu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, na siku moja mbili baadaye bahari hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huvuta kwa pembe, na maji huwa mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Hapa kalenda ya Kiislamu ni hazina, kwani tarehe yenyewe inakwambia hali ya bahari. Mwanzoni mwa mwezi na baada tu ya tarehe 15 ni bamvu. Karibu na tarehe 8 na 22, maji mafu. Pwani yetu ina tabia nyingine nzuri kwa watoto: siku za bamvu maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, na kujaa alasiri kiasi cha saa kumi. Maana yake siku bora za kutembea mwambani huja mchana kweupe, baada ya chai.

Wiki ya pili mpe mamlaka. Yeye ndiye aseme kesho mtoke saa ngapi kwenda pwani, na nyumba nzima imfuate, pamoja na ami yake mwenye haraka zake. Akikosea, mtakaa mchangani mkisubiri maji yatoke. Msimcheke. Kesho yake atahesabu vizuri zaidi kuliko wewe.

Maji yakipwa

Tokeni maji yakiwa bado yanatoka, muyafuate taratibu, na mrudi pale tu yanapogeuka. Kanuni hii haina msamaha, kwa sababu maji yakianza kujaa hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu. Atangulie mkubwa, viatu miguuni, na miguu iburutwe mchangani badala ya kuinuliwa, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia asikie na kuondoka kabla hajakanyagwa.

Kwenye tope pembeni mwa mikoko, mwambie achuchumae na asitikisike kwa muda wa kuhesabu mpaka 200. Tope litaanza kuishi. Watatoka kaa wadogo, madume yao yakiwa na gando moja kubwa wanalolipunga kuita majike. Watatoka samaki wadogo wanaoruka juu ya tope kama vyura. Kwenye mizizi ataona chaza na tondo. Kwenye vidimbwi vya mwambani yuko kiti cha pweza na yuko jongoo wa baharini. Wote wawili hutazamwa humo humo majini, hawatolewi nje kupigwa picha, na bahati nzuri hamna cha kupigia. Jiwe likigeuzwa kutazama chini yake, lirudishwe lilivyokuwa. Waliojificha chini yake hufa kwa jua wakiachwa wazi.

Mwisho wa Agosti tazameni ndege pia. Yangeyange yuko mwaka mzima, lakini vitwitwi waliozaa kaskazini ya mbali huanza kuingia wakati huu, wamechoka kwa safari, na hula topeni kwa pupa. Mtoto ajaribu kuwakaribia bila kuwarusha. Akifika hatua 20 amefuzu.

Visivyoguswa ni hivi: gamba zuri lenye umbo la pia ambalo mwenyewe yumo ndani, kwa kuwa ana mwiba wa sumu kali, yavuyavu, hata aliyekauka ufukoni, na wale wa miba mieusi mirefu. Kuna pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miba ya sumu mgongoni, na kwa ajili yake pekee viatu ni lazima. Mtu akichomwa na samaki huyo au na taa, mtumbukize mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, wewe uyapime kwanza kwa mkono wako, kisha hospitali moja kwa moja. Maji ya moto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Mkojo na mafuta ya taa waachieni waliozoea kubuni.

Mikokoni

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti yetu, na watoto wengi wa Lamu yenyewe hawajui kuitenganisha. Mjukuu wako ajue. Nendeni na mtumbwi au mashua ndogo maji yakijaa, muingie mkondoni, muache injini kama mnayo. Atazame mizizi, asihangaike na majani kwanza. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu huchomoza vijiti vyembamba vilivyonyooka kutoka topeni, mamia kwa mamia. Mlilana, ambao hupenda kukaa mbele kabisa kuelekea bahari, una vigingi vinene vilivyochongoka. Muia una mizizi iliyokunjwa kama magoti. Yote hiyo ni njia ya kuvuta hewa mahali ambapo tope halina hewa.

Halafu mwambie arambe upande wa chini wa jani la mchu. Atakunja uso. Mchu hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kwa majani, na siku kavu huonekana kama unga mweupe.

Akitaka kupanda, aokote mbegu ndefu za mkoko zilizoanguka. Zile zimeshaota zikiwa bado juu ya mti, kwa hiyo hazihitaji kitalu. Achomeke theluthi moja topeni, ncha iliyochongoka ikiwa chini, nafasi ya kama mita moja kati ya mche na mche, na iwe mahali ambapo mikoko michanga mingine imeota yenyewe. Kupanda kwenye majani ya bahari au mchanga wa mawimbi ni kazi bure. Nimeona miche mingi ya sherehe, iliyopandwa kwa hotuba na fulana, ikielea wiki iliyofuata. Kukata ni jambo jingine: kunataka kibali cha idara ya misitu, na mtoto aelezwe hilo pia.

Mkirudi nyumbani mlale chali chumbani mtazame dari. Kama mnaishi katika nyumba ya kale ya mawe, mtaziona boriti. Apime upana wa chumba. Atakuta hauzidi sana mita 3, na urefu ni mkubwa zaidi. Muulize kwa nini waliojenga walipenda vyumba vyembamba, na umwache alale na swali hilo. Jibu ameliona mchana: boriti ya mkoko haibebi dari pana kuliko hapo. Umbo la mji wetu lilipimwa topeni.

Safari tatu za kutwa

Takwa, kisiwani Manda, hufikika kwa mkondo wa mikoko maji yakiwa yamejaa tu. Kwa hiyo mtoto na daftari lake ndio wapange siku. Chagueni maji yanayojaa mchana, kama tarehe 11 au 12 ya mwezi wa Kiislamu, na nahodha awaambie kabla ya kushuka ni saa ngapi mkondo utakauka. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha. Mji huo ulihamwa karne ya 17. Msikiti wake wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla bado umesimama, na mibuyu imeota pote. Mbuyu mmoja upimwe kwa kushikana mikono.

Vilima vya mchanga vya Shela mpande asubuhi mapema, kabla mchanga haujachoma. Wageni huvipiga picha, lakini mjukuu wako ajue kwamba ndivyo vinavyoinywesha Lamu: mvua huzama mchangani, ikakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini kwa kuwa maji matamu ni mepesi, na visima huyateka hapo. Yakitekwa kuliko mvua inavyorudisha, chumvi hupanda.

Ufuo wa Shela wenyewe una urefu wa kama kilomita 12, na msimu wa kusi hutupwa takataka nyingi za bahari. Mpe gunia aokote kandambili. Kisha msimulie kuhusu Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kandambili kama 30,000, likasafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Kwa mbili tatu alizookota, kisu chako na kitambaa, ataunda chake: kandambili moja ndiyo mwili, ufito ndio mlingoti, tanga la pembetatu. Kitapinduka. Atie jiwe dogo chini, kitapinduka tena upande wa pili. Mwache.

Ile ya tatu ni Matondoni, kwa mafundi wa majahazi. Usiende bila kubisha hodi, na usimwache mtoto aulize maswali yote kwa pamoja. Fundi anayetia kalafati, akishindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao, hana mkono wa tatu. Mkae kimya kwanza, msaidie kubeba, maswali yatapata nafasi yake chai ikija.

Kuoga baharini

Agosti bahari ya nje huchafuka. Upande wa Shela unaotazama bahari kuu asiogelee, hata kama anajua kuogelea katika bwawa la Nairobi. Bwawa halina mkondo. Afundishwe upande wa ndani wa mlango wa bahari, maji yakiwa yamelala, karibu na kujaa kabisa au kupwa kabisa, na mtu mzima awe ndani ya maji pamoja naye. Wewe ukiwa ufukoni na bakora, hiyo si ulinzi. Ndani ya mashua avae jaketi la kuokolea maisha, hata nahodha akisema si lazima.

Usiku

Baada ya isha pandeni darini. Mwezi wa Agosti Nge yuko juu upande wa kusini, mkia wake umejikunja, na nyota nyekundu ndiyo moyo. Akiamka alfajiri atakiona Kilimia, kile kishada cha nyota, juu upande wa kaskazini-mashariki, kile ambacho wazee walikitazamia misimu: kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ayachore yote mawili daftarini.

Vitendawili vinanoga gizani, lakini tegeni vile ambavyo jibu lake ameliona mchana. “Kuku wangu katagia mibani.” Asipolipata usimdai mji haraka; kesho mpitishe penye mananasi, asimame mwenyewe.

Mkisikia kutoka kwa walinzi wa fukwe kwamba kuna kiota cha kasa kinachokaribia kuanguliwa (mayai huchukua kama miezi miwili), ombeni ruhusa ya kwenda. Hapo hata kurunzi izimwe. Vitoto vya kasa hutambaa kuelekea kwenye mwanga wakidhani ni bahari, na taa ya mtu huvipoteza. Havibebwi mkononi kupelekwa majini, vinatambaa vyenyewe.

Kumrudisha

Siku mbili kabla ya safari mpekue mfuko pamoja naye. Magamba yenye mnyama ndani hayaendi, kipande cha kasa cha aina yoyote ni kinyume cha sheria, na mbegu za mkoko zitaoza Nairobi. Daftari, jahazi la kandambili na chupa ya ubuyu vinaenda.

Mpigie mzazi usiku uliotangulia. Simu isimngoje mtoto kituoni wala ndani ya gari. Apewe kesho yake, baada ya kumsomea baba yake kurasa zake. Na kama Desemba atarudi, ngazi azipime zile zile. Kaskazi itakuwa imeingia, bahari ya nje imetulia, maembe yapo, na safari ya kisiwa cha Kiwayu ambayo Agosti humtapisha kila mtu itawezekana.